Mashati Kifuani mwa Kanali

Katika miji mingine mtu akiwa mashuhuri huchongewa sanamu, mtaa ukapewa jina lake, halafu watu wakamsahau kwa raha zao. Sisi wa Starobor tunamla.

Tunamla kweli, na chai juu yake. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Septemba, tunayoiita Siku ya Kurudi, tanuri la mji huoka mkate mmoja wa asali wenye ukubwa wa mlango wa ghala, uliotiwa karafuu na mdalasini mpaka mbwa wa ng'ambo ya mto wanalia kwa uchungu. Juu ya mkate hutokeza picha ya mtu au kikosi kilichouletea mji sifa. Saa sita mchana unakatwa uwanjani, kila mwenye meno anapata chake, na asiye na meno anachovya. Mambo haya yalianza siku kikosi chetu cha askari wa miguu kiliporudi kutoka kumfukuza Mfaransa, na wanawake wa mji wakakipokea kwa mikate ya asali kwa kuwa mkate wa kawaida ulikuwa umekwisha. Tangu hapo tumemla daktari aliyezuia kipindupindu. Tumemla mjenzi wa daraja, ingawa daraja lake la kwanza lilianguka likiwa na padri juu yake. Tumewala wazima moto wa mtaa wa juu pamoja na farasi wao. Mwimbaji wetu wa sauti nzito tulimla mwaka ambao asali ilikuwa chungu, na jamaa zake wamenuna mpaka leo. Moscow yenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, haina kitu kama hiki. Waulize uone watakavyoangalia pembeni.

Kwa hiyo mtu wa Starobor akisema fulani hajaliwa, anamaanisha kwamba mji haujamtambua. Na Kapitolina Lukinichna Dyatlova alitaka kuliwa. Hakutaka aliwe peke yake. Alitaka waliwe yeye na wasichana wote wa kikosi cha kufua nguo.

Kapa, kama tulivyomwita, alizaliwa mtaa wa mtoni, baba yake akielekeza magogo majini kwa upondo mrefu. Sauti aliyopewa ilikuwa ya kumwita ng'ombe aliyekwisha kuvuka mto, na ng'ombe akarudi akiomba radhi. Vita vya Mjerumani vilipokuja alikuwa msichana wa mashavu mekundu, akaenda kujiandikisha akiwa na shoga yake Stesha na wasichana wengine wa mtaani. Alitaka bunduki ya rashasha. Wakampa ubao wa kufulia.

"Huu unapigaje?" akamuuliza aliyempa.

"Kutoka juu kwenda chini," yule bwana akamjibu. "Na adui ni chawa."

Miaka mitatu walifua wakifuata kikosi cha Starobor nyuma nyuma, kwa sabuni ikipatikana, kwa maji ya majivu isipopatikana. Wakati wa baridi walivunja barafu kwa shoka ndipo wapate maji. Mashati yalikuja yamekauka damu, magumu kama mbao, na iliwabidi wayaloweke kwanza kabla ya kujua yana mikono mingapi. Kucha ziliwatoka. Wakaimba, kwa kuwa mtu anayeimba hasikii vidole vyake. Na kila shati lilirudi mstari wa mbele safi, vifungo vimeshonwa, na mara moja moja kitawi cha mnanaa mfukoni, kazi ya Stesha, aliyekuwa na huruma kuliko akili.

Halafu ikaja ile siku ya msituni, ambayo habari yetu yote inaning'inia juu yake kama shati kwenye kamba.

Mizinga ya kikosi ilikuwa imefichwa chini ya misonobari. Kwenye uwazi wa pembeni wasichana walikuwa wameanika nguo za kikosi kizima: mashati, suruali za ndani, vitambaa vya kufungia miguu, mashuka ya hospitali. Ndege ya Mjerumani ikapita, ikaona weupe wote ule, ikadhani imepata mahema ya majenerali. Ikarudi na wenzake wawili, wakamwaga kila walichobeba. Wasichana walijitosa kijitoni, wakabaki na pua nje. Mabomu yalipokwisha, chupi za kikosi zilikuwa zinapepea kwenye vilele vya misonobari kama bendera za nchi isiyojulikana, na mizinga ya pembeni haikuguswa hata rangi. Muda mfupi baadaye vifaru vya adui vikatokea barabarani bila wasiwasi, vikiamini kwamba hakuna mzinga uliobaki, na mizinga ikavipokea.

Sasa, mzinga wa kwanza uliongozwa na luteni kijana wa hapa hapa Starobor, Averyan Polozov. Asubuhi ile alikuwa amekabidhi nguo zake zote kufuliwa, zote kabisa, akawa anangoja zikauke, amekaa nyuma ya kichaka. Ndege zilipoondoka, hakuwa na nguo tena duniani. Kapa alitoka kijitoni akichuruzika, akaokota shuka moja lililosalimika, akamrushia. Luteni akajifunga, akakimbilia mzinga wake. Lakini kabla ya kukimbia alisimama, uso umemwiva.

"Msichana," akasema, "hukuona kitu."

"Nimeona, Ndugu Luteni," Kapa akamjibu, "ila hakikuwa kitu cha kusimulia."

Na hakukisimulia, miaka yote thelathini. Kwa mdomo alionao yule mwanamke, hilo peke yake lilistahili nishani.

Vita vikaisha. Kapa akarudi, akapata kazi kwenye tanuri la mji, akajifunza kukanda unga wa asali na kuchonga vibao vidogo ambavyo unga hubanwa ndani yake upate picha: samaki, jogoo, kengele. Averyan Polozov naye akarudi na kifua kilichojaa nishani, akapanda mpaka umeja, akastaafu, akawa mwenyekiti wa kamati inayoamua nani ataliwa. Kila masika kamati ilikaa, na kila masika Kapa aliingia na kitambaa chake cha kichwani chenye mawaridi, akakaa safu ya mbele, akainua mkono.

"Napendekeza kikosi cha kufua nguo."

"Kapitolina Lukinichna," Meja alijibu kila mwaka, bila kubadilisha hata neno, "nani atakula sabuni?"

Kamati ilicheka. Kapa alicheka pia, akawa anahesabu moyoni meno ya kila aliyecheka. Hakujua kwa nini mtu aliyeokolewa na kamba ya nguo aidharau hivyo. Alidhani ni majivuno. Hakufikiria kwamba Meja aliogopa shuka: kwamba mji ukianza kuzungumzia kufua, mtu mmoja atauliza kuhusu msitu, na mwingine atauliza luteni alikuwa amevaa nini.

Mwaka ninaousimulia, wa thelathini tangu vita viishe, Stesha alikuwa hatembei tena. Alikaa dirishani mtaa wa mtoni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, na masikio yake yamechoka, hasikii mpaka upige kelele.

"Kapa," alimwambia, "wenzetu wanapungua. Mimi sitaki kuzikwa kabla sijaliwa."

"Utaliwa, shoga."

"Usinidanganye. Kila mwaka nakula mtu mwingine. Mwaka jana nimekula mhandisi wa mabomba. Mabomba, Kapa."

Basi Kapa akaenda kwenye kamati, akainua mkono, na Meja akauliza nani atakula sabuni. Kamati ikamchagua Kanali Yevstafy Bulygin, shujaa wa vita vya Mfaransa, ambaye tumeshamla mara tatu na ladha yake tunaijua. Ubao wake wa zamani ulikuwa umepasuka, na mchongaji mzee aliyeuchonga alikufa wakati wa baridi. Kapa akasema atachonga mpya.

"Wewe una mkono wa kuchonga jogoo," Meja akamwambia. "Kazi hii atafanya mkwe wangu Rodion."

Rodion alikuwa mchongaji kweli, sitamvunjia heshima. Fremu za madirisha alizochonga, zenye maua na ndege, watu walisimama barabarani kuzitazama mpaka wakagongana. Ubao wa mkate alikuwa hajawahi kuushika. Alijifungia bandani na kazi yake, na kwa desturi yetu ubao mpya hufunikwa kitambaa, hauonwi na mtu mpaka siku ya kuoka.

Kapa hakulala njaa kwa hasira. Alichonga vibao vyake vidogo: shati, shati la mikono mirefu, kitambaa cha mguu, shuka, na chupi moja nzuri sana yenye kamba. Akanunua asali kwa kaka yake Stesha, akakanda unga wake mwenyewe, akauweka chini ghalani ukomae mwezi mzima, maana unga wa asali hauharakishwi. Nia yake ilikuwa kuzigawa nguo hizo uwanjani bila ruhusa ya mtu. Meja akapata habari.

"Siku ya Kurudi si siku ya kuanika chupi," akasema mbele ya tanuri zima. "Nikiona moja uwanjani, nitaikamata."

"Kwa mkono gani, Ndugu Meja?" Kapa akauliza, na waokaji wakageuka ukutani kuficha vicheko.

Jumamosi ubao wa Rodion ukaja na kitambaa chake. Unga ukabanwa ndani, ukapinduliwa kwenye sinia la chuma, ukaingia tanurini katikati ya mvuke na kelele, Meja akimbusu mkwewe mashavu yote mawili. Ukatoka mwekundu, unang'aa. Ukapakwa shira. Kila ua, kila kifungo, kila unywele wa sharubu za Kanali ulitokeza kama hai. Waokaji walipiga makofi, na Kapa naye alipiga, kwa kuwa kazi nzuri ni kazi nzuri hata ikifanywa na mkwe wa mtu.

Jumapili asubuhi alifika wa kwanza, akafungua dirisha kubwa la chumba cha tanuri ili jua likaushe shira. Dirisha hilo linatazamana na uwanja, na katikati ya uwanja amesimama Kanali Bulygin wa shaba, mzinga kando yake: bendera mkono wa kulia, na wa kushoto hana, mkono wa koti umekunjwa begani na kubanwa kwa pini. Kila mtoto wa Starobor anajua kwamba wa kushoto uliondoka na risasi ya mzinga na wa kulia ukabaki na bendera. Hivyo ndivyo tunavyojifunza kushoto na kulia. Shule inakuja baadaye.

Kapa akamtazama wa shaba. Akamtazama wa asali. Akarudia.

Kanali wa shaba hakuwa na mkono wa kushoto. Kanali wa asali hakuwa na mkono wa kulia. Wakiwekwa pamoja, jozi ilikuwa imetimia.

Kapa alikaa juu ya gunia la unga akacheka mpaka machozi yakamchora mistari usoni. Aliona yote kama sinema: saa sita, kitambaa kinaondolewa, mji mzima unahesabu mikono, na Meja Polozov anaitwa Meja Kioo mpaka siku ya kuzikwa. Alichotakiwa kufanya ni kwenda nyumbani, kujifunga kitambaa cha mawaridi, na kurudi kukaa safu ya mbele.

Utamu huo aliuonja kwa muda. Kisha akaacha kucheka. Mji ukimcheka Kanali leo, mwaka mzima utazungumzia mkono wa Kanali, na Stesha atabaki dirishani hajaliwa, miguu ndani ya beseni. Akanyanyuka, akatuma mwokaji mmoja amwite Meja, na mkwewe.

Meja alikuja uso nusu una povu la kunyolea, koti nusu lina nishani. Rodion nyuma yake anapiga miayo.

"Kuna nini, Kapitolina Lukinichna? Sijamaliza hata kidevu."

"Simama hapa, Ndugu Meja. Mtazame wa nje. Haya, mtazame wa ndani."

Meja akatazama. "Wamefanana sana," akasema kwa fahari.

"Sana. Hesabu mikono."

Meja akahesabu. Ile nusu ya uso isiyo na povu ikawa nyeupe kuliko yenye povu.

"Rodion," akasema polepole, "umemfanya nini Kanali?"

"Nimemchonga, baba. Nilisimama mbele ya sanamu kila siku, nikachonga nilichokiona. Huu upande mtupu, huu upande wa bendera."

"Ubao wa mkate unageuza, mwanangu," Kapa akamwambia. "Kama kioo. Ukitaka kulia itoke, unachonga kushoto."

"Dirisha haligeuzi."

"Dirisha halipinduliwi."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Uliufunika mwezi mzima. Hata panya hawakupata nafasi ya kukushauri."

Rodion akajikuna kichwa. "Labda watu hawatagundua."

"Katika mji huu," Kapa akasema, "mwanamume anaweza kusahau jina la mama mkwe wake. Mkono wa Bulygin hasahau."

Meja alikaa juu ya lile gunia la unga. "Oka mwingine."

"Kwa unga gani? Unga wa asali ni mwezi mzima kwenye pipa."

"Basi tutasema umeungua."

"Siku ya Kurudi bila mkate? Mji huu ulioka mkate hata mizinga ya Mjerumani ikisikika kutoka darajani. Uwe wewe wa kwanza?"

Macho ya Meja yalizunguka chumba kama ya mtu anayetafuta mlango wa nyuma, yakatua juu ya beseni kubwa la unga wa Kapa kwenye rafu, lililofunikwa kitambaa kibichi.

"Na lile?"

"Lile ni la sabuni, Ndugu Meja," Kapa akasema. "Nani atakula sabuni?"

Rodion alipata kikohozi cha ghafla akaenda kusimama karibu na tanuri. Meja alifuta povu kwa mkono wa koti, akabaki na sharubu nusu.

"Unataka nini?" akauliza.

"Kamba. Itoke kwenye mti wa bendera, ipite kifuani mwa Kanali, ifike kwenye gurudumu la mzinga. Juu yake nguo, bega mpaka kiuno. Mkono uliopo utafunikwa, usiokuwepo utafunikwa, mti wa bendera utakuwa nguzo ya kamba, na hakuna atakayejua upi ni upi."

"Kanali Bulygin na nguo za kufuliwa."

"Kwani yeye shati lake lilijifua?"

Meja alivuta pumzi. "Mashati sawa. Chupi hapana."

"Chupi zilikuwepo vitani. Zilipigana kuliko watu wengine ninaowajua."

"Katibu wa wilaya atakuwepo, Kapitolina Lukinichna."

"Na yeye anavaa. Moja tu. Pale pembeni, karibu na gurudumu."

"Ndogo."

"Ndogo. Na jukwaani utasema ni nguo za nani na zilifuliwa na nani, kwa majina. Stesha akae mbele, kwenye kiti chenye mto."

"Sawa."

"Na shuka."

Meja aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu ule msitu walitazamana kama watu waliokuwa pale.

"Shuka la nini?" akauliza.

"Kwenye kamba ile palikuwa na shuka. Bila shuka haijatimia."

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Stesha?"

"Stesha alikuwa kijitoni, macho yamejaa matope. Nilisema hakikuwa kitu cha kusimulia, na sikukisimulia."

"Miaka yote hii? Nami nakuuliza kila mwaka habari za sabuni?"

"Kila mwaka."

"Shuka gani hilo?" Rodion akauliza kutoka tanurini.

"Kanda unga," wakamjibu wote wawili kwa pamoja.

Wakafanya kazi kama wapishi wa harusi ya watu wawili wenye haraka. Rodion alibana mashati kwenye vibao, na vidole vyake vilikuwa vizuri, havikuharibu hata kola moja. Alisokota kamba ya unga ikawa kama ya kweli, na nyuzi zake. Waokaji wengine walipokuja walitiwa kazini wote, nguo zikaokwa. Meja alivua koti lenye nishani, akakunja mikono ya shati, akapewa brashi ya shira.

"Ndugu Meja, hivyo ndivyo unavyoanika shati?" Kapa akamfokea. "Kichwa chini, pindo juu. Utaliacha na mabega ya ngamia."

"Sijawahi kuanika."

"Naona. Mkeo ni mtakatifu."

Walipomaliza, Kanali alikuwa ametokeza kichwa na sharubu juu ya safu ya nguo zinazopepea, kama baba mwenye nyumba anayechungulia nani amepita uani. Shati moja kwa kila msichana wa kikosi. Shuka mwishoni. Chupi karibu na gurudumu, na haikuwa ndogo hata kidogo.

Saa sita uwanja ulijaa mpaka ngazi za maktaba. Bendi ikapiga. Mkate ukaja umebebwa na wanaume wanane, ukawekwa chini ya sanamu, kitambaa kikaondolewa. Mnong'ono ukaanza kutembea.

"Kanali anafua," mtu mmoja akasema.

"Mke amechoka," akajibu mwanamke mmoja muuza samaki. "Hata mimi ningemwachia."

Katibu wa wilaya alikunja uso, akamtazama Meja. Stesha, kwenye kiti chake chenye mto, alikuwa amefunga mikono mapajani na hapepesi macho. Kapa alisimama nyuma yake, kitambaa cha mawaridi kichwani, na moyo wake unapiga kama nguo nzito juu ya jiwe. Kama Meja angegeuza maneno sasa, nguo zile zingekuwa mzaha wa waokaji na basi.

Meja alitoa hotuba yake mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Mnashangaa," akasema. "Hizo ni nguo zetu. Nguo za kikosi cha Starobor. Na zilifuliwa na Stepanida Zhuravina, Stesha wetu, yule pale. Na Glikeria Sopova. Na Ustinya Berezhnaya, na Melania dada yake." Akawataja wote, mmoja mmoja, waliokuwepo na waliokwisha kuondoka, na kila alipotaja jina, mahali fulani uwanjani mtu alivua kofia: mume, mtoto, mjukuu. La mwisho alilitaja la Kapitolina Dyatlova. Kisha akasimulia ndege, na mahema ya majenerali, na mabomu yaliyomwagwa juu ya mashati, na mizinga iliyosalimika. "Mimi nimesimama hapa," akasema, "kwa sababu adui alipiga vita na chupi yangu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Ahadi ilikuwa imetimizwa, na Kapa akainamisha kichwa kumpa ruhusa ya kushuka. Meja hakushuka. Alikuwa anatazama shuka.

"Halafu vifaru vikaja," akasema. "Na luteni wa mzinga wa kwanza hakuwa na nguo hata moja, zote ziko kwenye misonobari. Aliongoza mzinga amevaa shuka. Adui lazima alidhani anapigwa na mzimu."

"Luteni gani huyo?" mtu akapaza sauti kutoka ngazi za maktaba.

Meja alisimama wima, kama mbele ya jenerali. "Luteni Polozov."

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko, njiwa wakaruka kutoka kichwani mwa Kanali wa shaba. Kicheko kile Meja alikuwa amekikimbia miaka thelathini. Sasa kilimfikia, na badala ya kumwangusha kilimwinua. Watu walikuwa wanalia, wanapiga makofi, wanarusha kofia. Mzee mmoja wa kikosi, asiye na mguu, alijiinua kwenye magongo.

"Averyan," akaita, "upepo ulikuwaje?"

"Wa kaskazini," Meja akajibu.

Ikabidi bendi ipige mara mbili ndipo mkate ukatwe. Na hapo jambo ambalo hakuna aliyelifikiria likatokea: kila mtu alitaka shati. Kanali hakuguswa. Mikono ilinyooshwa kwenye kamba, "nipe la Glikeria, alikuwa shangazi yangu," "nipe la Melania," na nguo zikawa zinatoweka, na bega la Kanali, lile la makosa, likaanza kutokeza.

"Rodion," Kapa akasema kwa mdomo uliofungwa nusu, "kula kosa lako."

Rodion alivunja bega tupu na pini yake, akalitia mdomoni lote. Meja alishika ule mkono ambao Kanali hakupaswa kuwa nao, akauvunja pamoja na mti wa bendera, akatafuna akitazama mbinguni kama mtu anayewakumbuka wenzake. Katibu wa wilaya alisema hajawahi kuona heshima kama ile. Chupi haikuonekana tena. Wapo wanaosema katibu mwenyewe aliondoka na mfuko wa koti umevimba, lakini mimi simsemi mtu.

Shuka alilipata Meja. Alilivunja katikati, nusu akampelekea Kapa.

"Sasa unaweza kusimulia," akamwambia.

"Umeshanimalizia utamu wote, Averyan Kuzmich," Kapa akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Mwakani uniulize tena habari za sabuni."

"Mwakani nitakuuliza nani aliwe."

Kapa akachukua shati alilokuwa amelificha chini ya aproni, lenye kitawi cha mnanaa kwenye mfuko, akamwekea Stesha mkononi. Stesha aliligeuza huku na huku, akalinusa, akatafuna pindo kwa meno aliyobakiwa nayo. Makofi alikuwa ameyaona kwa macho. Masikioni hakikuingia kitu.

"Imekuwaje, Kapa?" akauliza. "Wamesemaje?"

Kapa akainama karibu na sikio lake, akaitoa ile sauti ya kumwita ng'ombe aliyevuka mto, na ng'ambo yote ikasikia.

"Tumeliwa, shoga. Mpaka vifungo."